Mashine ya Pak Karsono

Kwetu Purbalingga, ukisikia nyundo asubuhi huna haja ya kuuliza ni nani. Mtaa mzima unatengeneza mabomba ya moshi ya pikipiki, kila mtu nyuma ya nyumba yake. Sarwan, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa fundi wa kawaida mwenye wateja wa kawaida. Kilichomtofautisha na sisi ni kutoamini. Akinunua sabuni, huinusa. Akirudishiwa chenji, humtazama mwuzaji usoni kwanza. Tulimcheka sana kwa hilo, na leo sisi wenyewe hatuna raha tukikumbuka tulivyomcheka.

Alikuwa bado anakunja mabomba kwa njia ya wazee. Unalijaza bomba mchanga, unaushindilia, unaziba ncha mbili, unalichoma hadi liwe jekundu, ndipo unalivuta. Mwaka ule mkewe, Tuminah, alishika mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa, na chumba chao cha kulala kilipakana na karakana. Moshi ulikuwa unaingia hadi kwenye chandarua. Sarwan akaapa kwamba mtoto wake hatalelewa juu ya moto ule. Angetafuta mashine.

Alizunguka wiki tatu. Dukani kulikuwa na mashine ya jeki, ya bei nafuu, inayosukuma bomba katikati. Akaijaribu kwa bomba lake mwenyewe, alilokwenda nalo kwapani, likabonyea palepale. "Hii ni ya mabomba ya maji," alimwambia mwenye duka. "Bomba jembamba inalinyonga." Ile nzuri, inayolizungusha bomba kwenye kalibu ya duara bila kulibonyeza, bei yake ilikuwa ya pikipiki mpya, tena kalibu unazinunua kando, moja kwa kila unene. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoona tangazo kwenye simu. Mashine kama ile nzuri, ya mkono, imetumika, kalibu sita juu yake, kwa bei ya mbuzi wawili.

"Kang," Tuminah alimwambia, maana ndivyo alivyomwita mumewe, "sabuni unainusa. Hii mbona hujainusa?"

"Si ndiyo nakwenda kuinusa?"

Mwuzaji, Pak Karsono, yaani Mzee Karsono, aliishi juu kule, mlima Slamet unapoanza kupanda. Sarwan alifika saa sita mchana, jua la utosi. Mzee alikuja kumlaki huku amepinda mgongo kiasi kwamba alilazimika kugeuza shingo ili amwone mgeni. Sawa, uzee. Kisha mkewe akaleta chai, naye amepinda vilevile. Nao ni uzee. Kisha binti yao, msichana wa miaka ishirini hivi, akapita na ndoo. Alikuwa anatazama miguu yake.

Sarwan aliikagua mashine kama mtu anayemkagua ng'ombe wa kuchinja. Alivuta mkono wake, akapitisha kidole kwenye kalibu, akatafuta ufa, akatafuta mahali palipochomelewa kwa siri. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa safi mno.

"Mbona unaiuza rahisi hivi, Pak?"

"Nimechoka nayo."

"Haina kasoro?"

"Inafanya kazi kuliko unavyodhani." Mzee alishusha kikombe. "Nitajie nyota tu, tumalize."

Kuulizwa nyota kwetu si ajabu. Kila siku ina jina la pili, moja kati ya matano, na siku mbili zikikutana, tuseme Jumatatu na Legi, ndiyo nyota ya aliyezaliwa siku hiyo. Baada ya siku thelathini na tano hurudi tena. Watu huihesabu wakioa, wakihama, wakijenga. Lakini kwa mashine iliyotumika? Sarwan alimtazama mzee usoni. Nyota yako ukimpa mtu usiyemjua ni sawa na kumwachia ufunguo wa nyumba, na yeye hakuwa mjinga. Akadanganya.

"Jumatano Pon," alisema. Ilikuwa siku ya kwanza iliyomjia mdomoni. Hakumjua mtu yeyote mwenye nyota hiyo, na alijipongeza kimoyomoyo.

Mzee aligeukia chumba cha ndani. "Andika, Jumatano Pon."

"Nimeshaandika, Baba," sauti ya msichana ikajibu. "Tangu asubuhi."

Angeondoka. Mwenyewe husema hivyo hadi leo, kwamba miguu ilikwisha kugeuka. Lakini alimfikiria Tuminah akikohoa ndani ya chandarua, akafikiria bei ya ile ya dukani, akatoa pesa.

Mashine ilifanya kazi kuliko alivyodhani. Fundi yeyote atakwambia kwamba bomba ukilikunja digrii tisini na kuliachia, hurudi nyuma kidogo, digrii mbili au tatu. Chuma kina ubishi wake. Kwenye mashine ile hakikurudi. Ulipoacha, kilibaki hapo hapo. Siku ya kwanza Sarwan alifurahi. Siku ya tatu alianza kuitazama kwa jicho la pembeni. Kabla ya wiki mbili kwisha alikuwa anaifunika gunia akitoka, ingawa hakuweza kusema anaificha isionwe na nini.

Hata hivyo wateja walijaa na moshi ulikwisha. Tuminah aliacha kukohoa. Jioni moja alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, mkono mmoja kiunoni.

"Mkunga anasema wiki hii hapa," alisema, akiizungushia kidole. "Jumatatu, au Jumanne. Mimi tumbo linaniambia Jumatano."

Sarwan alisogea. Chini ya Jumatano ile, kwa herufi ndogo nyekundu, palikuwa pameandikwa Pon.

Hakulala. Kulipopambazuka aliifungua mashine bolti nne, akaipandisha kwenye pikipiki ya kubebea mizigo, akaenda mlimani. Aliyefungua lango alikuwa mwanamume mrefu, kifua mbele. Sarwan alidhani ni mgeni, akamwulizia Pak Karsono.

"Ndiye mimi," mwanamume alisema.

Nyuma yake msichana alikuwa anaanika nguo, mikono juu, mgongo umenyooka.

"Chukua mashine yako," Sarwan alisema. "Sitaki pesa."

"Iache tu hapo, haina kazi tena."

"Siku niliyokutajia ilikuwa ya uongo, Pak. Si yangu."

"Najua." Mzee alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Sarwan kuliko kitu kingine chochote. "Ungetaja yako, ungekuwa mgongo wako. Ukaona heri umtaje mwingine. Hata mimi nilifanya hivyo. Yangu ilipokwisha kunipinda, nikawataja hawa." Akamwelekezea kidole binti yake. Kisha akafunga lango. Sarwan akaiacha mashine hapo hapo.

Jumatatu ilipita. Jumanne ikapita. Jumatano saa nne asubuhi Tuminah akashikwa na uchungu.

Sarwan alimpeleka kwa mkunga, Bu Lastri, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki kichwani mwake. Siku yetu haiishi usiku wa manane. Huisha jua likizama. Adhana ya magharibi ikisikika tu, Jumatano Pon imekwisha, na hiyo ni Alhamisi Wage. Ilibidi mtoto asubiri.

Saa kumi alimwinamia mkewe sikioni. "Jikaze. Mpaka adhana."

"Una wazimu?" Tuminah alinong'ona kwa meno yaliyofungana. "Huyu mtoto si bomba, nimshike na koleo?"

"Tafadhali, Tum."

Alimtazama mumewe. Miaka tisa alikuwa ameuona wasiwasi wake wa sabuni na chenji, na ule haukuwa huo. Hakuuliza. Akafunga macho, akabana.

Saa kumi na moja. Na robo. Na nusu. Bu Lastri akaanza kufoka. "Sukuma, mama! Mbona unamzuia? Utamuua!" Akamwona Sarwan, akamtoa nje kwa kumsukuma kwa kiwiko.

Alisimama barazani. Jua lilikuwa juu ya bati la msikiti. Likagusa bati. Likashuka. Kipaza sauti kikakoroma, kama mtu anakigonga kwa kidole. Kimya.

Kisha vikaja viwili kwa pamoja, neno la kwanza la adhana na kilio cha mtoto.

Aliingia mbio. "Kipi kimetangulia?"

"Kipi cha nini?" Bu Lastri alikuwa na mikono imejaa. "Una binti. Sema alhamdulillahi."

Akasema. Alilia, hakuona haya. Mtoto alikuwa mzima, mzito, mgongo umenyooka. Ni pale mkunga alipomgeuza kumfuta ndipo walipoona, chini ya mbavu, mistari miwili myembamba myekundu inayokwenda sambamba hadi kwenye mbavu za upande wa pili. Baina yake palikuwa na nafasi ya inchi moja. Bu Lastri alisema ni alama ya kuzaliwa, itafifia. Sarwan alikuwa amekunja mabomba elfu moja, na anaijua alama inayoachwa na mdomo wa kalibu. Haijafifia.

Walimwita Wagini, jina la mtu wa Wage. Sarwan alilitamka kwa sauti kubwa siku ya kumpa jina, mara tatu, kila mtu asikie, na hata asiye mtu. Amerudi kwenye mchanga na moto, ila karakana ameihamishia shambani, mbali na nyumba.

Mtoto yuko mwaka wa nne sasa. Anacheka, anakimbiza bata, anaomba peremende kwangu kila asubuhi. Na kila Jumatano Pon inapozunguka, anapolala usingizi wa mchana, baba yake hufunga karakana, hurudi na kipimo cha pembe, huinua fulana ya mtoto na kukilaza kile chuma baridi mgongoni mwake. Tuminah alikwisha kuambiwa kila kitu. Husubiri mlangoni.

Mwaka wa kwanza kilisoma sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu pia.

Juzi Sarwan alikitazama muda mrefu. Akakiinua, akakifuta kwa shati, akakilaza tena. Ilikuwa digrii mbili.

"Ngapi?" Tuminah alinong'ona.

Sarwan alimshushia mtoto fulana taratibu, akalifuata pindo lake kwa kidole.

"Sifuri," alisema.

Tuminah hakuondoka mlangoni.