Mgeni Asiyekula Yai

Ukumbi wa kupokelea abiria ulikuwa umefurika mchana ule, kila mtu akinyoosha shingo kumtafuta wake, na Kapteni alikuwa amesimama mbele kabisa na bango lenye jina la mgeni. Hakuwa kapteni wa chochote. Alikuwa msichana mwongoza wageni, na wenzake kazini walimbandika jina hilo kwa sababu alitembea mbele siku zote na hakupenda kubishiwa. Alivaa suruali ya kaki, viatu vizito vya kupandia miamba, na kitambaa cha njano shingoni ambacho wageni wake walitakiwa kukifuata popote.

Akatokea kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, begi moja begani, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Akasoma bango, akamtazama mwenye bango, akasema, "Mimi ndiye."

Walikuwa wameshauacha mji nyuma, wanacheka kama watu waliosoma pamoja, simu ya Kapteni ilipoita. Ofisi ilikuwa inauliza kwa nini mgeni wao bado amekaa juu ya masanduku yake pale uwanjani, amevimba kwa hasira. Kapteni akasimamisha gari kando ya barabara.

"Wewe ni nani?"

"Mtu aliyekuona umeshika jina la mwanaume mwingine, akaona wivu."

Alikuwa mwonjaji wa mvinyo, amepata kazi mpya kwenye mashamba ya mizabibu nyuma ya vilima. Kapteni alisimamishwa kazi wiki moja kwa utani ule, na ofisi ikatoa amri kwamba kuanzia hapo mgeni aonyeshe pasipoti kwanza. Mwonjaji alikuja kuomba radhi na kikapu cha zabibu na maneno matamu kuliko zabibu, akasamehewa. Msichana mwenye akili zake angejiuliza mapema kwa nini utani wa huyu bwana unalipwa na mwenzake kila mara. Lakini moyo ukishapenda, akili hupewa likizo, na Kapteni alipenda.

Mwonjaji alimfundisha kuonja. Unavuta harufu, unachukua funda, unalizungusha mdomoni, unatema ndooni. Kapteni alisema ni ukatili kutema kitu kizuri namna hiyo, naye akajibu kwamba anayeonja kwa kazi hamezi. Kapteni kwa upande wake alimfundisha njia za miguu za pwani, wapi pa kukanyaga, na saa gani bahari inarudi kuchukua mchanga wake. Jumapili moja Mwonjaji alikula keki harusini kwa rafiki, midomo ikavimba, macho yakafumba, na Kapteni akamkimbiza hospitali mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika wake. Kumbe mayai yalikuwa yakimdhuru tangu utotoni, na hakuwa akimwambia mtu. Aliona aibu, mwanaume mzima kushindwa na yai. Tangu siku hiyo hakikupita kitu mdomoni mwake kabla Kapteni hajakikagua.

"Umekula?" alikuwa akimpigia mchana.

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini? Na usinidanganye, hiyo midomo jioni nitaiona."

"Utaiona kwa karibu sana, nakuahidi."

Ndoa walishaizungumza. Kapteni hakudai pete wala sherehe. Alidai jambo moja tu, atajwe mbele ya mama yake Mwonjaji. Kila alipoligusa hilo aliambiwa asubiri kidogo. Akasubiri, mpaka asubuhi moja simu ikaita.

"Wageni wanakuja," Mwonjaji alisema. "Mama, mjomba, na binti wa rafiki yake mama, ni mfamasia. Wanataka kuona pwani na mashamba."

Kapteni aliketi kitandani. "Sasa ndiyo unanitambulisha."

"Ndiyo, ila kwa akili. Mama ni mgumu. Nimewaambia nimewakodia mwongozaji hodari. Akuone kwanza ukiwa kazini, akupende mwenyewe, halafu jioni mezani nitasimama nitaje jina lako. Huoni itakavyopendeza?"

"Na kutwa nzima nikuiteje?"

"Niite bwana," akasema, akacheka.

Kapteni naye alicheka, Mungu amsaidie. Jioni ile aliandaa masanduku ya chakula ya safari kwa mkono wake mwenyewe, akapiga pasi blauzi ya kijani, akaikunja na kuiweka chini kabisa ya begi.

Kulipokucha wageni wakapanda gari. Mama alikuwa mwanamke mnene mwenye gauni la bluu na raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona vumbi, mtazamo wake wa taratibu. Mfamasia alivaa miwani na gauni jekundu lililotulia mwilini, na hakuwa na neno baya kwa mtu. Kapteni akawauliza, kama anavyowauliza wageni wote kabla ya safari, kuna chakula ambacho hawali. Mama hakutaka pilipili. Mjomba alisema anakula vyote, labda viatu ndiyo aviombee mchuzi. Mwonjaji, aliyekuwa amejaa uigizaji wake, alijibu kwa sauti ya mgeni mkubwa kwamba yeye anakula kila kitu, dada, asihangaike.

Njia ilikata vichaka vya maua ya zambarau, ikashuka, ikabanwa kati ya ukuta wa jiwe na bahari iliyokuwa inapiga chini. Hapo mama akagoma. Raba zake nyeupe ziling'ang'ania jiwe.

"Nishike mkanda, mama," Kapteni akamwambia. "Usitazame chini. Tazama kitambaa changu tu."

Wakavuka hivyo, hatua fupi fupi, pumzi ya mama ikimpiga mgongoni. Ng'ambo ya pili mama hakuuachia mkanda mara moja. Alisema, "Asante, mwanangu," na neno hilo Kapteni alilibeba kilomita zote zilizobaki. Nyuma yao Mwonjaji alikuwa amemshika mfamasia kiwiko, anamsaidia kuvuka. Ni mchezo, Kapteni alijiambia. Ila aliona mchezo unamkaa vizuri mno.

Chakula walikula juu ya mwamba mpana. Kapteni akagawa masanduku, moja moja, bila kufikiri: mikate ya mayai kwa mama, kwa mjomba, kwa mfamasia, na mkate wa jibini kwa Mwonjaji. Mjomba alikuwa anasimulia ubahili wa jirani yake na watu wanacheka. Mama hakucheka. Alitazama mkate wa mwanawe, akatazama wake, akatafuna polepole.

Mashambani walifika jua limelegea. Mizabibu ilipanda kilima kwa mistari, na ndani ya chumba cha kuonjea mlikuwa na ubaridi, mapipa, na harufu ya mbao zilizolewa. Mjomba alipoonyeshwa ndoo ya kutemea aliuliza ni nani huyo aliyewakosea heshima wazazi wa zabibu, akameza kila alichopewa, na muda si mrefu akawa anamsifia kila mtu kwa zamu.

Kanuni ya kazi ni kwamba mwongozaji haketi mezani na wageni. Kapteni alikwenda msalani, akavua shati la kaki na kitambaa, akavaa blauzi ya kijani, akapaka midomo rangi, akarudi kusimama ukutani.  Alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa.

"Umebadilisha nguo, binti," mama alisema.

"Ile ilikuwa na vumbi, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mwanawe, na hakupunguza sauti.

"Mwanangu, kabla sijakwenda kuzungumza na wazazi wa huyu binti, nakuuliza. Kuna mtu moyoni mwako? Kama yupo, sema hapa hapa. Sitakasirika."

Mfamasia aliinamisha macho. Mjomba aliweka glasi chini kabla haijaisha, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kapteni alijikuta ametoka ukutani hatua moja, kwani ndio wakati wenyewe, hata haukuhitaji mtu kusimama.

Mwonjaji alitazama glasi yake.

"Hakuna, mama," akasema. "Wewe ndiye mchaguzi wangu." Akachukua funda, akalizungusha mdomoni kwa ufundi wake wote, akalitema ndooni.

Mama hakumtazama mwanawe. Alimtazama Kapteni, kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti iliyochoka kwamba basi wapigwe picha ya ukumbusho. Picha nayo ni kazi ya mwongozaji. Kapteni akapokea simu ya mjomba, akarudi nyuma mpaka wote wakaenea, akawapanga mmoja mmoja kwa upole.

"Bwana, msogelee mchumba wako," akasema. "Mnaonekana kama mko msibani."

Mjomba alicheka mpaka akashika pipa. Kapteni alibonyeza, akabonyeza tena, asije mtu akasema alifumba macho. Akawarudisha hotelini salama, akawaaga vizuri, akaenda kulia kwenye maegesho, nyuma ya mabasi, ukosi wa blauzi ya kijani mdomoni ili asisikike.

Simu ziliita siku nyingi. Alipokea moja.

"Nilishikwa na woga, mpenzi. Nisamehe."

"Mimi nilishikwa na mama yako, kule mwambani, na nilimvusha. Wewe ungetamka neno moja tu ukiwa umekaa kitini."

Akakata. Lakini alimpenda bado, na hilo lisemwe wazi, maana wanaodhani mapenzi hufa siku mtu anapokosewa hawajawahi kukosewa na wanayempenda. Alikula bila kuonja. Dukani aliendelea kusoma nyuma ya paketi kutafuta yai, halafu akakumbuka, akairudisha paketi rafuni.

Ndipo mchana mmoja, akiwa na bango lake kwenye ukumbi ule ule, akamwona anakuja. Shati jeupe lile lile, mikono imekunjwa. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya bango, akasema, "Mimi ndiye," na sauti ikamkatika katikati. Akapiga goti. Pete ilikuwa mkononi na abiria wakaanza kusimama na mizigo yao kutazama.

"Nioe mimi mjinga," akasema. "Yaani, nikuoe. Siwezi hata kusema sawasawa. Nimekonda, Kapteni. Nimechoka kutokuwa nawe."

 Kila kitu ndani ya Kapteni kilisema ndiyo.

"Nitakubali," akasema. "Mpigie mama yako sasa hivi. Weka spika. Nitaje."

Akabonyeza namba akiwa bado chini. Mama akaitika, wakasalimiana, mama akauliza hizo kelele ni za wapi.

"Niko uwanja wa ndege, mama. Niko na mtu."

"Na nani?"

Kapteni alishusha bango. Watu walionyamaza kutazama posa walikuwa wanasikiliza wote. Mwonjaji alifungua mdomo, akameza mate.

"Yule mwongozaji," akasema. "Tumekutana tu hapa. Anakusalimia."

Kapteni hakupiga kelele. Aliinama, akaichukua simu mkononi mwake, taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa naisubiri sauti yako."

"Mama, kuna jambo…"

"Nalijua. Nililijua tangu kile chakula cha mwambani. Asubuhi alikwambia anakula kila kitu, nilisikia, halafu sisi ukatupa yai na yeye ukampa jibini. Yule hamwambii mtu habari ya yai. Nikasema, kumbe ni huyu. Nikafurahi, Mungu shahidi. Jioni nikamuuliza makusudi, nikamfungulia mlango, apite tu."

Mwonjaji alisema, "Mama," kwa sauti ndogo. Mama aliendelea kana kwamba hakuna aliyesema.

"Ningekupokea. Nataka ulijue hilo. Yule binti nimemwambia ukweli, nimemrudisha kwao kwa heshima; sikutaka aolewe na jibu lile. Na leo nimesikia jingine. Nimemzaa mimi, nampenda, na nakwambia wewe kama ningemwambia binti yangu: usimchukue."

Kapteni alisema asante mama. Akairudisha simu mkononi mwa yule aliyepiga goti, juu ya pete, akavikunja vidole vyake ili visidondoke. Watu walianza kuondoka, wengine wakijifanya wanatafuta mizigo.

Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa amesimama pembeni muda wote, hajui aingilie wapi. Alionyesha bango kwa haya.

"Mimi ndiye," akasema.

"Pasipoti, tafadhali," Kapteni akajibu.

Akaisoma, akalinganisha picha na uso wake, akamchukulia begi. Garini alifunga kitambaa chake cha njano, akawasha injini, na hakutazama nyuma kwa sababu kulikuwa na magari mengi mbele. Akamuuliza mgeni, kama anavyowauliza wote, kuna chakula asichokula.

"Nakula kila kitu," mzee akasema.

Kapteni alimtazama kwenye kioo, machozi yakimshuka na mikono imetulia kwenye usukani.

"Sema kweli, mzee wangu," akasema. "Safari hii mimi sitakujulia."