Viti Mia na Thelathini na Nane

Hebu wewe unayesoma, ushawahi kumwona mtu wa hasira anashindwa mchezo mbele za watu, halafu anakusanya kete taratibu, anazipanga kama alivyozikuta, na kuuliza kwa adabu kiingilio cha mwakani kitakuwa kiasi gani?

Mwamuzi alimwona. Jumamosi, saa tano asubuhi, meza ya arobaini na moja. Mtu mwenyewe alikuwa Kinyozi. Kila mcheza chesi wa mji ule alimjua Kinyozi: akishindwa, kete zinaruka. Mwaka juzi alimrushia mpinzani farasi wa mbao, jamaa akashonwa nyuzi mbili juu ya jicho. Na sasa katulia, mikono juu ya meza, kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Umeshindwa?" mwamuzi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeshindwa."

"Na nani?"

Kinyozi alikitazama kiti cha mbele yake. Kilikuwa kitupu. Pembeni, saa ya mchezo ilikuwa imesimamishwa, upande wa pili ukiwa umebakiwa na dakika nyingi tu.

"Naye," alisema. "Anacheza vizuri. Mkono umekufa ganzi kidogo, Sista, ila hauumi. Hakuna kinachouma."

Turudi nyuma kidogo, maana jini huyu aliyemshinda Kinyozi hakupitia dirishani. Alipitia kwenye hesabu.

Mratibu wa mashindano yale alikuwa kaka yake mwamuzi, tumbo moja. Wachezaji walimwita Gambiti, kwa sababu mchezo wake siku zote ulikuwa kutoa kete zake sadaka mapema, halafu kumwomba Mungu. Maisha yake vilevile. Alitangaza mashindano ya wazi, yaani bingwa aje, na aliyejifunza juzi aje, wote ukumbi mmoja. Zawadi, milioni arobaini. Chini yake, kwa herufi nyekundu, akaandika GUARANTEED. Aliliandika kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili lingemtia aibu: nawaahidi hela ambayo sina. Neno lile maana yake ni kwamba hata wakija watu watatu, zawadi zote zinalipwa.

Shirikisho la chesi lililipenda sana neno hilo. Lilichukua ada yake ya kibali kwanza, wakubwa wakanywa soda, kisha wakataka dhamana. Gambiti akawapa hati ya nyumba ya mama yake.

Mdogo wake, yaani mwamuzi, ana shahada ya takwimu. Miaka mitatu shahada hiyo imefunika ufa ukutani, kazi pekee iliyopata. Kazi ya uamuzi alikuwa anaifanya bure, kwa sababu ya udugu. Alimkalisha kaka yake ofisini, chumba kimoja chenye meza ya plastiki, akamwambia:

"Zawadi milioni arobaini. Ukumbi, saa, meza na matangazo, milioni kumi. Kiingilio laki moja. Unahitaji watu mia tano. Full stop."

"Watakuja, mdogo wangu."

"Katika hao mia tano, wenye uwezo wa kuondoka na chochote ni arobaini. Mia nne na sitini wanalipa laki nzima ili waje wapigwe. Hawa ndio wanaokulisha, kaka, na hawa huja mara moja. Mara ya pili wanakumbuka walivyoumia, wanabaki nyumbani."

Gambiti alicheka. "Kwa hiyo tatizo ni maumivu tu? Nipatie wachezaji wasioumia, uone kama sitakuwa tajiri."

Alisema hivyo mchana kweupe, madirisha wazi. Kuna maneno mtu mzima hayasemi kwa sauti. Lakini ukishaweka hati ya mama yako kwenye droo ya watu, unasema lolote.

Ijumaa jioni orodha ilifungwa na watu mia tatu na sitini na wawili. Walipungua mia na thelathini na nane. Gambiti hakula. Asubuhi yake mwamuzi alipofungua sanduku la kiingilio, kifuniko kilikuwa kimeinuka kwa noti. Akazihesabu. Zilikuwa za watu mia na thelathini na nane, kamili, bila hata chenji. Zilikuwa baridi, zimelegea, na zilinuka kama nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Kwenye orodha, chini ya jina la mwisho, kulikuwa na majina mapya. Kila mmoja jina moja tu. Mwamuzi aliyasoma, na kila alipofika chini ya ukurasa alikuta ameyasahau ya juu.

Saa tatu raundi ya kwanza ikaanza. Viti mia na thelathini na nane vilikuwa vitupu.

Kawaida ya kazi ni hii: mwamuzi anapita na karatasi ya mahudhurio meza kwa meza, aliyepo anaandikiwa "yupo", ambaye muda umempita anaandikiwa "hakufika", mpinzani anapewa pointi, basi. Mwamuzi alishika kalamu. Gambiti akamvuta pembeni, nyuma ya pazia.

"Usiandike hawakufika."

"Kaka, viti vitupu."

"Sheria nimeiandika mwenyewe ili nivutie watu. Asiyefika raundi ya kwanza anarudishiwa hela yake yote. Ukiwafuta hao, milioni kumi na tatu na laki nane zinatoka. Nyumba imekwenda."

"Utamrudishia nani? Unawajua?"

"Ndiyo nakwambia. Hawajulikani, hawalalamiki. Andika wapo."

"Mimi sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi hii."

"Na mama akilala nje, utamwonyesha karatasi yako safi?"

Aliandika. Yupo. Yupo. Yupo. Mara mia na thelathini na nane. Alipofika kwenye hamsini vidole vyake vilikuwa baridi. Alipofika kwenye mia hakuvisikia tena, na jambo la ajabu ni kwamba hata uongo wenyewe haukumsumbua tena. Akarudi kwenye kiti chake. Ndipo upande mzima wa kulia wa ukumbi, pale penye viti vitupu, saa zikaanza kubonyezwa. Tak. Tak. Tak.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo baya kuliko yote. Wachezaji waliinua vichwa, wakaona askari mweusi amesogea hatua mbili bila mkono, wakajikuna shingo, wakajibu. Mtu kalipa laki moja, atafanyaje? Kufika saa tano walikuwa wanashindwa mmoja mmoja, na kila aliyeshindwa na kiti kitupu aliinuka na uso uleule mmoja, uso wa mtu anayesubiri lifti.

Kwenye meza ya mapokezi foleni ikaanza. Gambiti alikuja mbio, jasho linamtoka kwa furaha.

"Wanalipia ya mwakani! Wameshindwa, na wanalipia ya mwakani! Mdogo wangu, biashara imekubali!"

Mwamuzi alikuwa anamwangalia mwanamke mmoja muuguzi, meza ya tisini, aliyekuwa anacheza raundi ya pili, tena na kiti kitupu. Simu yake ilikuwa inatetemeka. Aliipokea. Sauti ya upande wa pili ilikuwa inalia kiasi kwamba meza ya jirani walisikia: mtoto kaanguka toka ghorofani, wako njiani kwenda hospitali, yuko wapi mama yake?

"Sawa," muuguzi alisema. Akaizima. Akaangalia ubao. "Ni zamu yangu, eti?"

Hapo mwamuzi alitoka nje, akampigia Fundi.

Fundi alikuwa fundi wa friji. Majini alikuwa anayatoa siku za mapumziko, kwa sababu friji, kama alivyosema mwenyewe, zimekuwa imara siku hizi. Alifika saa saba mchana na begi la bisibisi begani, akasimama mlangoni, akanusa mara moja.

"Wangapi?"

"Mia na thelathini na nane."

"Hawa hawakuvamia," alisema. "Aliyevamia huwa na fujo, anavunja vyombo. Hawa wametulia kama wageni walioalikwa. Nani kaandika kwamba wapo?"

Mwamuzi alinyoosha mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Basi mimi sina kazi hapa. Nitasoma mpaka koo likauke, wao wana karatasi yako. Dawa unayo mwenyewe. Ita majina, kila moja mara tatu. Asiyeitika mfute, na hela yake itoke humu ndani leo."

"Nyumba ya mama itachukuliwa."

"Itachukuliwa," Fundi alikubali. "Na nauli yangu bado."

Mama mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi, na chupa ya chai aliyowaletea wanawe, kikombe kikiwa juu ya goti. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa pia amemwona muuguzi.

"Futa, mwanangu," alisema.

"Mama, utakwenda wapi?"

"Nitakwenda unakokaa wewe. Yule mama kaambiwa mtoto kaanguka, kauliza zamu ni ya nani. Mimi siwezi kulala kwenye nyumba iliyolipiwa hivyo. Futa."

Mwamuzi alirudi ndani. Raundi ya tatu ilikuwa imekwisha kuanza. Mchezaji mmoja, labda ndiye pekee aliyebaki na akili zake, alikuwa ametoroka wakati wa mapumziko, kwa hiyo idadi imekuwa witiri na mmoja amekosa wa kucheza naye. Kwenye mashindano yao, ikitokea hivyo, mtu wa nyumbani anakaa kuziba pengo. Meza ya mwisho, ya mia mbili na hamsini, alikuwa amekaa Gambiti. Mbele yake kiti kilikuwa kitupu.

Mwamuzi akashika maikrofoni.

Aliita jina la kwanza mara tatu, hakuna aliyeitika, akalikata kwa kalamu, na kiti kimoja upande wa kulia kikarudi nyuma chenyewe, miguu ikikwaruza sakafu, kama mtu anainuka kwa uchovu. Akaita la pili, la tatu, la kumi, na kila alipokata jina kiti kilikwaruza na ile harufu ya nguo mbichi ikampita usoni kuelekea mlangoni, polepole, bila haraka, mmoja nyuma ya mwingine, na Fundi pale mlangoni akitoa noti kwenye sanduku na kuziweka kizingitini fungu kwa fungu bila kuangalia ni nani anayeziokota, na mama mtu amevuta miguu yake chini ya benchi ili wapite, na saa zikinyamaza moja moja mpaka mwamuzi akaanza kuisikia sauti yake mwenyewe, akasikia vidole vyake vinaanza kuchoma kama vimetolewa kwenye barafu, akasikia nyuma yake kishindo cha kete ukutani na Kinyozi akitukana matusi ya nguoni kwa machozi, na kutoka meza ya tisini ukelele mmoja mrefu wa mwanamke ambaye ndiyo kwanza ameelewa alichoambiwa kwenye simu, anakimbia, anapindua meza, anamwita mtoto wake.

Likabaki jina moja.

Aliliita. Kimya. Aliliita mara ya pili. Kimya.

Aliliita mara ya tatu. Meza ya mia mbili na hamsini, Gambiti aliinua mkono bila kutoa macho kwenye ubao.

"Nipo."

"Kaka," mwamuzi alisema, na maikrofoni ikalisambaza neno hilo ukumbi mzima. "Nimeita jina lake. Sijaita lako."

"Nipo," alisema tena. "Andika, nina nafasi nzuri." Akabonyeza saa. Tak.

Mwamuzi alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameshafunga begi.

"Wale wengine hawakuitika," alisema. "Huyu kaitika mwenyewe, kwa kinywa chake. Huyu simwezi, dada yangu."

Zawadi zililipwa. Guaranteed ni guaranteed. Shirikisho liliuza nyumba ndani ya wiki tatu, kwa utaratibu, kwa barua zenye mhuri. Siku ya kuhama Gambiti alikuja kusaidia. Alibeba kabati la mama yake peke yake, kabati la watu wanne, mlango wake ukamchana mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole, na hakuutazama.

"Mwanangu," mama alimuuliza, "nyumba aliyojenga baba yako huioni inavyoondoka?"

"Naiona."

"Na huumii?"

Alifikiri kidogo. Alipofungua kinywa, ile harufu ilitoka.

"Mwakani tutafanya kubwa zaidi," alisema.

Na kweli, Shirikisho limemwajiri. Mratibu gani tena mtamtaka, asiyelala, asiyeomba likizo, asiyeona haya? Tangazo limetoka: zawadi milioni themanini, herufi nyekundu zilezile. Zinahitajika nafasi elfu moja. Zimejaa asubuhi moja. Mwamuzi hakuitwa, wametafuta mwingine, kijana aliyemaliza chuo juzi, anayeandika anachoambiwa. Simlaumu, ana njaa.

Sasa nyie wa Shirikisho, wenye viti vya ngozi. Nyumba hatuidai, tunajua mlishaigawana. Tunadai jambo moja lisilowagharimu hata hela ya soda. Kabla hamjafungua milango ya ukumbi huo, msimamisheni mratibu wenu mbele, mama yake awekwe pale anapomwona uso, halafu mmoja wenu ashike maikrofoni amwite mtu huyo kwa jina alilopewa siku aliyozaliwa. Mara tatu. Taratibu. Nasi sote tuwe kimya, tusikie kama kuna mtu ataitika.