Jirani wa Juu

Yaliyompata Pamela yalianza Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, ule wakati ukungu unaposhuka mpaka Moshi mjini na watu wanashinda na masweta kutwa nzima. Alifungua kompyuta ofisini, akaangalia takwimu za tovuti kama alivyofanya kila Jumatatu, akakuta makala yake ya Ijumaa imesomwa na watu mia nne na kumi na wawili. Akadhani amesoma vibaya. Makala zao zilizoea kusomwa na watu sitini, sabini zikibahatika.

Tovuti hiyo ilikuwa ya kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa, mali ya akina Shivani, familia ya Kihindi iliyokaa Moshi vizazi vinne. Shivani alitaka kila anayekunywa kahawa yao amjue aliyeilima. Ndipo akamwajiri Pamela, binti wa Kibosho, azunguke vihambani, kwenye mashamba ya majumbani, akae na wakulima wamsimulie maisha yao, kisha ayaandike. Wazee walimpenda. Aliweza kukaa jikoni kwa mtu saa tatu nzima kabla ya kutoa daftari, na akishalitoa, mwenyeji hata halioni.

Shivani ndiye aliyemfundisha kusoma takwimu. Alimwambia kwamba idadi ya wasomaji peke yake haisemi mengi. Cha kujua ni nani aliyeipenda habari mpaka akaipeleka kwa wenzake. Kwa hiyo kila mahali walipotangaza makala waliweka kiungo tofauti, na siku ya pili waliweza kuona wasomaji wamefuata kiungo kipi, na nani amekisambaza.

Wale mia nne na kumi na wawili walifuata kiungo kimoja tu, kilichosambazwa na mtu mmoja. Akaunti yake iliitwa Jirani wa Juu. Haikuwa na picha wala marafiki. Jina lenyewe halikumshangaza Pamela. Huko kwao jirani wa juu ni yule ambaye kihamba chake kinapakana na chako upande wa mlimani, na kila mtu anaye, isipokuwa wale wa mwisho kabisa, ambao juu yao ni msitu.

Lililomshangaza ni muda. Makala ilimhusu Mzee Basili wa Kibosho, jinsi baba yake alivyompa mche wa kwanza wa kahawa akiwa na miaka saba na kumfundisha kuupogoa. Ilisomeka kwa dakika nne. Wasomaji hao walikuwa wamekaa nayo dakika arobaini, Jumamosi jioni, wote wakiingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja.

Shivani alisema huenda ni darasa la shule fulani, au mtambo wa kuhesabu umekorofisha. Vyovyote vile, mtu akikusambazia kiasi hicho unamshukuru. Pamela akaandika: "Asante kwa kutusambazia, jirani. Ukipenda tutakuletea nyingine."

Jibu liliingia kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. "Napenda. Leta."

Ofisi yao ilikuwa juu ya chumba cha kukaangia, na kwa miaka miwili Pamela hakuwahi kunusa humo kitu kingine isipokuwa kahawa. Sasa ilimjia harufu ya majivu ya jikoni yaliyomwagiwa maji, ile harufu ya moto uliozimwa kwa makusudi. Shivani naye aliisikia. Akashuka kuwauliza wafanyakazi, akarudi akisema huko chini hakuna kitu. Baada ya muda ikaisha, wakaendelea na kazi.

Jumatano walitoa makala ya pili. Hii ilimhusu Elinipendo, mama wa Machame mwenye kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, ambaye mumewe alifariki kwa kuangukiwa na mti. Alimsimulia Pamela jinsi walivyokutana kwenye kwaya, na wimbo aliomtungia akiwa kwenye msiba. Pamela aliiweka kwenye tovuti saa nne kamili asubuhi. Kabla hajaitangaza popote, Jirani wa Juu alikuwa ameshaisambaza. Watu mia nne na kumi na wawili wakaingia, wakakaa dakika arobaini, wakatoka.

Alhamisi alipigiwa simu na mkwe wa Mzee Basili, yule aliyeolewa na kitinda mimba. Aliongea taratibu kama mtu asiyetaka kusikika nje. Alisema tangu Jumamosi jioni mzee hayuko sawa. Alikuwa akipogoa kahawa, akasimama na msumeno mkononi, akauliza kazi ya kile chuma ni nini. Kisha akauliza miti ile imepandwa na nani. Walipomtajia baba yake, aliwatazama tu. Anawajua wanawe na wajukuu wote kwa majina, anajua siku za Misa, ila baba hana. Hospitali walisema ni uzee.

Pamela alimpa pole. Akakata simu. Akampigia Elinipendo, akajifanya anataka picha ya marehemu kwa ajili ya tovuti.

"Marehemu yupi?" Elinipendo akauliza.

"Mume wako, mama."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuolewa," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi: "Lakini kuna koti la mwanaume nyuma ya mlango wangu. Tangu jana najiuliza ni la nani."

Elinipendo hakuwa mzee. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Pamela alimweleza Shivani kila kitu, na Shivani, ambaye si mtu wa kuamini mambo ya namna hiyo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Walifungua takwimu pamoja, wakalinganisha saa. Mzee Basili alisimama na msumeno wakati wale wasomaji wako ndani ya makala yake. Elinipendo, kama alivyosema kwenye simu, alikuwa akikata majani ya ng'ombe ile Jumatano asubuhi, akajikuta anauimba wimbo na hajui anamwimbia nani.

Wakazifuta makala zote mbili, wakamfungia Jirani wa Juu. Lakini takwimu hazikusimama. Ukurasa wa Mzee Basili, ambao haukuwepo tena, ulionyesha una wasomaji. Shivani akafungua ramani inayoonyesha wasomaji wako wapi. Kwa kawaida ramani ile hutaja mji tu, Arusha, Dar es Salaam, Nairobi. Safari hii doa lilikuwa mahali pasipo na jina, juu ya vihamba vya mwisho vya Kibosho, katikati ya msitu.

Hapo ndipo waliposikia. Sauti ilitoka kwenye kompyuta, ya chini sana, na mwanzoni Pamela aliifananisha na jumuiya inayosali rozari nyumba ya pili: watu wengi wakisema jambo moja kwa pamoja bila haraka. Aliinama akasikiliza. Miongoni mwao, ikiwa mbele kidogo ya nyingine, ilikuwepo sauti ya Mzee Basili. Ilikuwa inasimulia jinsi baba yake alivyomshika mikono miwili juu ya mkasi, na wale wengine walikuwa wanairudia baada yake, neno kwa neno, kama watoto wanaofundishwa.

Shivani akachomoa waya wa umeme. Sauti iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

Mama yake Shivani ndiye aliyewaelekeza kwa Mzee Elisaria wa Sanya Juu, mwinjilisti mstaafu ambaye watu wa dini zote walimwita nyumba zikiingiliwa na pepo. Alifika Ijumaa saa nne kasorobo asubuhi, kwenye mvua nyembamba, amevaa koti la suti na viatu vya raba. Walimwamkia, akaitikia, akakataa chai. Alizunguka ofisi yote akiomba kwa sauti ndogo, akagusa milango na madirisha, kisha akaketi mbele ya kompyuta iliyozimwa na kuuliza walimwambia nini huyo mgeni wao. Pamela akayataja maneno aliyoandika, yote, pamoja na jibu.

Mzee Elisaria akawageukia.

"Mimi humtoa aliyeingia ndani ya nyumba," alisema. "Huyu hajaingia. Yuko kwake. Ninyi ndio mliokuwa mnampelekea, na mkamwahidi."

Shivani akauliza kama ahadi inaweza kurudishwa. Mzee alisema hajui. Alisema vitu vya namna hiyo havina habari za kwao wenyewe, havikuzaliwa, havikulelewa, havina baba wa kuvifundisha kazi, ndiyo maana vinatamani za watu. Angeomba, na angewaombea wale waliokwisha kuchukuliwa, lakini asingewadanganya. Halafu akauliza, "Kuna nyingine mliyoiandika?"

Pamela akasema hakuna. Alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akakumbuka.

Wiki tatu nyuma alikuwa ameandika habari za mama yake mzazi, Mektrida, na ile siku ya mvua ambayo mama huyo, akiwa peke yake na uchungu, alishuka kwa miguu kutoka Kibosho juu kuitafuta hospitali, akajifungulia ndani ya lori la kahawa lililokwama kwenye matope, na dereva akatoa shati lake kumfunika mtoto. Mtoto ni Pamela. Aliimaliza mapema, akaipanga kwenye tovuti itoke yenyewe, ili apate nafasi ya kwenda vihambani. Aliipanga itoke Ijumaa. Saa nne asubuhi.

Aliwasha kompyuta. Harufu ya majivu mabichi ilijaa chumba kabla kioo hakijawaka, na kilipowaka makala ilikuwepo, imesambazwa, wasomaji mia nne na kumi na wawili wako ndani, dakika ya thelathini na tatu, na alipobonyeza kufuta ukurasa ulifutika na wasomaji wakabaki, akabonyeza tena, akampigia mama simu ikaita mpaka ikakata, akapiga tena huku Mzee Elisaria amesimama nyuma yake ameinua mikono anaomba kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na Shivani anachomoa waya huu na ule, na katikati ya yote hayo, ikitoka kwenye kompyuta isiyo na umeme, taratibu, bila hofu yoyote, ikaja sauti ya mama yake.

Ilikuwa inasimulia lori. Ilisimulia matope, na shati la dereva, na mambo ambayo Pamela hakuwahi kuyaandika kwa sababu hakuwahi kuambiwa: kwamba mtoto alitoka kimya, na mama akamwita kwa majina yote ya bibi zake mpaka akalia, kwamba alimwekea kidole kiganjani, na mtoto akakishika. Na wale wengine waliyarudia. Pamela alijua anapaswa kuendelea kupiga simu. Lakini mama yake alikuwa anasimulia kwa mara ya mwisho, na kama asingesikiliza yeye, wangebaki wale wa msituni peke yao. Akaishusha simu, akasikiliza mpaka mwisho.

Sauti zilipokoma, kompyuta ilizima. Mzee Elisaria alishusha mikono.

Shivani alimpeleka kwa gari lake mpaka pale barabara inapoharibika, kisha Pamela akapanda kwa miguu. Ilikuwa saa nane mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito hata migomba ya pembeni mwa njia haikuonekana vizuri. Alipita kwa jirani, akapita kisima, akakuta mlango wa jikoni uko wazi na mama yake amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi.

Mektrida aliinua macho. Alimtazama yule mwanamke aliyelowa mlangoni kwa upole ule ule ambao angempa mtu yeyote.

"Shikamoo, mama," Pamela akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, utaugua na hiyo mvua." Akasogeza kigoda kingine karibu na moto. "Umetoka kwa Ronald? Aliniambia ana wageni."

Ronald alikuwa kaka yake Pamela, mkubwa kwake kwa miaka minne. Pamela akasema ndiyo, ametoka kwa Ronald. Akaketi. Kupitia mlango wa sebuleni aliiona picha yake ya mahafali ukutani, na mama yake akafuata macho yake.

"Hiyo hata mimi leo nimeishangaa," Mektrida alisema. "Sijui nani kaitundika. Msichana mzuri lakini."

Pamela alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alikuwa aseme lori, aseme matope, aseme shati, na kidole kiganjani. Alifungua mdomo, akaogopa. Maneno hayo sasa yalikuwa ya wale wa msituni, na hakujua kama akiyatamka hapa jikoni yatamrudisha mama yake au yatawaonyesha njia ya kufika mpaka hapa. Hakuna aliyeweza kumwambia. Akaufumba.

Mama yake akamchotea mtori wa ndizi na nyama, akampa kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa.

"Na mama yako je, mwanangu? Hajambo?"

Pamela alikishika kikombe. Mvuke ulimpanda usoni.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimia."

"Na mimi namsalimia sana," Mektrida akasema, akarudi kumenya ndizi zake.