Jibu la Ijumaa

Ukumbi wa kompyuta wa maktaba ulikuwa umefurika siku fundi wa lifti alipoingia na ovaroli yake ya bluu, grisi imemganda kwenye kucha. Akakaa, akaanza kugonga kibodi kwa kidole kimoja.

"Utaitoboa hiyo," alisema mkutubi, binti mwenye sketi nyeusi iliyomkaa vyema na miwani iliyokuwa ikimteleza puani.

"Namtafuta mama yangu. Alitoka nyumbani asubuhi moja, sasa ni miezi saba. Kumbukumbu zilishaanza kumtoka. Ana kovu kidevuni, na siku hiyo alivaa sweta ya kijani."

Mkutubi akavuta kiti.

"Umetafuta jina tu, tena kwenye injini moja. Kila injini ya utafutaji ina kurasa zake. Kisichoonekana kwenye hii huenda kikaonekana kwenye ile. Na jina lake huenda hata mwenyewe halikumbuki. Tuandike kovu, sweta, umri."

Tangu hapo fundi akawa anakuja kila akitoka kazini. Injini ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili iliwaletea matangazo ya kuuza sweta, wakacheka mpaka msimamizi akawakemea. Wakaanza kupigiana simu.

"Umekula, Grisi wangu?"

"Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?"

"Muongo mkubwa wewe!"

Ila kulikuwa na neno fundi hakuchoka kulisema: "Siku nikimpata mama, narudi naye kwetu. Mji huu basi." Mkutubi alikuwa akitabasamu tu, akirudisha miwani juu ya pua.

Ijumaa moja, akiwa peke yake, alijaribu injini ya tatu. Tangazo lilikuwa la kwanza kabisa: nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa saa sita kwa basi. Bibi mwenye kovu kidevuni, sweta ya kijani, hajui kwao. Kwenye picha, macho yalikuwa yale yale ya fundi. Akapiga simu.

"Mwambie mwanawe aje upesi," nesi alisema. "Kifua kimembana. Ngoja nimwambie bibi kwamba anakuja."

Jioni fundi akauliza, "Leo vipi, mpenzi?"

"Bado. Kesho si tunatoka?"

Jumamosi alivaa gauni jekundu. Fundi akamvisha pete katikati ya mkahawa, watu wakawapigia makofi. Jumapili wakashinda pamoja. Jumatatu asubuhi ndipo alipompigia: "Mpenzi, nimempata!"

Fundi alilia kwa furaha, akamwita malaika wake, akakimbilia basi.

Alasiri simu ililia.

"Alifariki jana," fundi alisema, sauti kavu. "Nesi anasema walikwambia tangu Ijumaa."

"Nilitaka hizo siku mbili tu. Ungeondoka, ungenisahau..."

"Jumamosi walimvalisha, akakaa mlangoni kunisubiri. Alinitaja jina. Mara ya kwanza tangu afike pale. Na mimi nilikuwa nakuvisha pete."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nakuomba."

Akakata.

Siku ya mazishi mkutubi alikwenda, hakuweza kubaki nyumbani. Alisimama nyuma ya watu wote, akilia mpaka miwani ikafanya ukungu. Mama mdogo wa fundi, mdogo wake marehemu, akamshika fundi mkono.

"Mwanangu, yule binti anayelia vile ni nani?"

Fundi alimtazama mkutubi usoni, kwa muda mrefu.

"Simjui, mama mdogo," akasema, akainama kuchota udongo.