Posa Kutoka Meli Iliyokamatwa

Jumamosi mchana, duka la Barwako pale Coventry Road, huku Uingereza, halina pa kuweka mguu. Wanawake wa Kisomali wanachagua madira, watoto wanalilia chipsi, udi unafuka juu ya kaunta, na nje mabasi yamepangana. Hapo ndipo Shemsa alipopachagua kufanyia kazi yake ya chuo, na lau ungemwambia kwamba atapata mchumba katikati ya marobota yale, angekucheka mpaka machozi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza watu. Alitaka kujua jinsi habari zinavyowafanya watu waunge mkono, au wapinge, manowari kukamata meli za mafuta zinazokwepa vikwazo. Alikuwa na habari mbili za meli moja. Ya kwanza iliiita meli ya magendo, iliyoficha jina na kubadili bendera. Ya pili ilisema hayo hayo, ila ilianza na mabaharia waliomo ndani, ambao wengi wao hawamjui hata mwenye meli. Mtu husomewa moja tu, huulizwa maoni yake, kisha huambiwa kwamba kuna nyingine na kwamba maneno yamechaguliwa makusudi. Akitaka, jibu lake hufutwa. Kumwambia hayo lilikuwa sharti la chuo.

Kijana mmoja alikuwa amesimama karibu na vitenge, koti lake la kazi la rangi ya chungwa limepakaa grisi begani. Shemsa akamsomea ya kwanza.

"Wakamatwe wote," kijana akasema. "Mwizi ni mwizi, awe barabarani awe baharini." Kisha akatabasamu. "Na hicho Kiswahili cha Unguja, dada, ni chako au umekiazima?"

"Changu. Na hicho chako cha Tanga, kimekuja na grisi yake?"

Basi ikawa hivyo. Yeye Hafidh wa Ngamiani, fundi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja la Nechells; binti naye wa Mlandege. Waliulizana mitaa, wakaulizana shule, wakacheka, mpaka Barwako akawaambia wanunue kitu au wampishe mteja. Shemsa alirudi kwake anatabasamu peke yake ndani ya basi. Lile sharti lilikuwa limemtoka kichwani kabisa.

Kiangazi kile kilikuwa chao. Hafidh hakupitisha jioni bila kupiga simu, na mara nyingi hawakuzungumza la maana ila habari za nyumbani. Alimsimulia jinsi redio ilivyokuwa ikiheshimiwa kwao. Ikifika saa ya matangazo ya vifo, nyumba nzima kimya, hata kaka yake Khatib akiliepua sufuria ili lisichemke kwa kelele. Baba yao alipofariki, Khatib ndiye aliyemlea Hafidh. Alipika mkahawani, halafu akaenda kupika melini, na ada ya shule ya mdogo wake ikatoka huko.

"Redio ikisema, imesema," Hafidh alikuwa akisema.

Shemsa aliyajua hayo, kwani hata kwao Mlandege ilikuwa vivyo hivyo. Akikata simu alikaa kitandani akalia kidogo, kwa raha na kwa upweke wa mbali. Alimpenda mtu huyu. Aliona wazi kwamba akimkosa hatampata mwingine wa kukumbuka naye nyumbani namna ile.

Aliyesimama mahali pa baba yake hapa Uingereza alikuwa Ami Haidari, mzee mkali kidogo, ambaye runinga yake haizimwi. Hafidh alipopeleka salamu kwamba anataka kuposa, mzee hakukataa. Alisema tu kwamba kijana hajiposei mwenyewe kama yatima wa barabarani. Mkubwa wake aseme, hata kwa simu. Na mkubwa wa Hafidh alikuwa mmoja tu.

Ole wao, maana wiki zile zile Khatib alikuwa amempigia mdogo wake kutoka bandari fulani. Alisema meli yake imepakwa jina jipya na kupandishwa bendera asiyoijua, na hajui ashuke au abaki. Hafidh hakumuuliza chochote. Alimwambia hiyo ni magendo, kwamba anapikia wezi na yeye ni mwizi mwenzao, heri wakamatwe. Khatib akakata simu, na tangu siku hiyo hakupokea tena. Mwezi haukuisha, meli ikakamatwa na manowari, ikaonyeshwa kwenye habari imetiwa nanga mbali na pwani. Ami Haidari akawa anaitazama na kusema hao wote wafungwe tu.

Shemsa alikuwa hajui ugomvi ule ulianzaje. Aliualika mtaa kwenye ukumbi wa Small Heath kueleza utafiti wake, na Hafidh akaja na shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa mbele kwa fahari. Shemsa akasoma habari ya kwanza, akasoma ya pili, akaeleza kwamba waliosomewa ya kwanza waliunga mkono ukamataji zaidi sana kuliko wenzao. Watu wakaguna. Alipoinua macho, kiti cha Hafidh kilikuwa kitupu.

Simu hakupokea. Siku ya pili Shemsa akavaa baibui lake la kazi na kumfuata Nechells, akamngoja nje ya geti la ghala mpaka mapumziko ya chakula.

"Maneno niliyomwambia kaka yangu yalitoka kinywani mwako," Hafidh alisema. "Moja moja. Mbona hukuniambia kama kuna habari ya pili?"

"Ilinipasa nikwambie palepale. Ulinichekesha, nikasahau. Kosa ni langu na sina pa kulipeleka."

"Na mimi nikamwita mwizi mtu aliyenilea."

"Jibu lako nimelifuta, Hafidh. Lakini sitakudanganya ili nikupate. Meli zile zilivunja vikwazo, na mimi bado naona ni haki kukamatwa. Ila meli ikikamatwa kwa haki, mpishi wake hawi mwizi kwa hilo. Mpigie."

"Hapokei."

"Mtumie sauti yako. Asikie mwenyewe."

Akatuma palepale, uso ameugeuzia ukuta, na Shemsa akasogea mbali asisikilize. Alichokisikia ni neno "nisamehe", kisha neno "posa" na namba ya simu ya Ami Haidari, na baadaye mtu mzima analia. Jibu halikuja siku ile wala ya pili yake, na Shemsa akaanza kujizoeza moyoni kumkosa.

Lilikuja Ijumaa, na halikuja kwa Hafidh. Simu ya Ami Haidari iliita sebuleni, mzee akaipokea kwa spika kama kawaida yake, na Shemsa, aliyekuwa jikoni anakaanga samaki, akapunguza moto.

"Shikamoo mzee. Naitwa Khatib, kaka yake Hafidh wa Tanga. Nimekuja kumposea mdogo wangu, lakini kwanza nikwambie nilipo, usije ukasikia kwingine. Niko kwenye meli iliyokamatwa, hiyo mnayoonyeshwa. Mimi ndiye mpishi wake."

Runinga ilikuwa ikisema, na kwa mara ya kwanza Shemsa alimsikia ami yake akiizima.

"Marahaba," mzee akasema hatimaye, sauti imepungua ukali. "Mko salama huko?"

"Tupo, mzee. Tunangoja. Hakuna anayetwambia mpaka lini."

Mzee akakohoa. Akauliza habari za mama, za Tanga, za chakula, akauliza tena yale yale. Kisha akasema, "Posa yako nimeipokea, mwanangu. Lakini ndoa itangoja mpaka ushuke. Hatuozi mtu bila mkubwa wake kuwepo."

Shemsa akakaa chini jikoni, machozi yanamtoka na anacheka. Akampigia Hafidh, akamweleza neno kwa neno.

"Huenda ikawa mwakani," Hafidh akasema. "Huenda ikawa zaidi. Utangoja, mpenzi?"

"Nitangoja," Shemsa akasema. "Tutamngoja sote wawili."