Mvua Iliyonyesha Hispania

Kila msimu wa zeituni, Rihab alitoka shule akaenda moja kwa moja shambani kwa Bibi Mabruka. Alivalisha vidole vyake ncha za pembe za mbuzi, akapanda ngazi na kuchana matawi kama mtu achanaye nywele za mtoto. Zeituni zilidondoka juu ya wavu, na Bibi Mabruka akaziokota huku akiimba kwa sauti ya chini.

Hawakuwa ndugu. Lakini tangu Mundhir, baba yake Rihab, aende Hispania kufanya kazi katika mashamba ya zeituni ya huko, bibi huyo ndiye aliyesaidiana na mama yake kumlea.

"Mjadala wenu ni kesho?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Mimi natetea mkataba wa biashara na nchi za Ulaya. Ghassen anapinga."

"Huyo mtoto wa muuza matairi? Mfunge mdomo!"

Rihab alicheka. Hoja yake ilikuwa moja tu, na aliipenda. Hispania, mshindani mkubwa wa nchi yao, Tunisia, ilikuwa imekumbwa na ukame. Miti ya huko haikuzaa. Basi Ulaya ingepata wapi mafuta ya zeituni, kama si Tunisia? Huu ndio wakati wa kutia saini.

Jioni hiyo baba alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya siku za zamani.

"Rihab, mwanangu, mvua! Imenyesha wiki nzima. Tajiri ametuita turudi kazini, tunapogoa miti. Anasema mwakani itazaa mpaka matawi yainame. Bei ya mafuta imeanza kushuka hata kabla zeituni hazijachanua."

"Alhamdulillahi, Baba," Rihab alisema, na alimaanisha. Baba alikuwa amekaa miezi mingi bila kazi. Lakini alipokata simu, alitazama hotuba yake: yote ilisimama juu ya ukame ule. Hakumwambia mtu.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa. Wakulima nao walikuja, kwa sababu afisa wa wizara alikuwa njiani kuja kuwauliza maoni yao juu ya mkataba huo. Bibi Mabruka alikaa mbele, kitambaa chake cheupe kikimeta.

Rihab alizungumza vizuri. "Mshindani wetu yuko kitandani," alisema, "nasi tuko wazima!" Watu wakapiga makofi.

Ghassen akainuka, akashika kiuno. "Dada Rihab, mgonjwa hupona. Mvua ikinyesha huko je?"

"Haijanyesha," Rihab alijibu.

"Una hakika?"

"Baba yangu yuko huko. Wewe una nani huko, matairi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ghassen akakaa, masikio yakiwa mekundu.

Hapo Bibi Mabruka akasimama. "Mmesikia? Kuna mchuuzi ananisubiri nyumbani anunue mafuta yangu. Nitamfukuza! Mafuta yangu yatakaa mpaka mkataba utiwe saini, na bei ipande."

Rihab aliiona hatari. Mafuta ya zeituni yakikaa sana huharibika ladha, na bei ilikuwa ikishuka. Bibi hakuwa na kingine cha kumpitisha mwaka. Tayari alikuwa akielekea mlangoni, akijifunga kitambaa vizuri.

"Bibi, usimfukuze!" Rihab alipaza sauti. "Imenyesha. Baba aliniambia jana. Nimesema uongo ili nishinde."

Bibi Mabruka aligeuka. Rihab alitazama sakafu, machozi yakimdondoka kwenye viatu.

Mwalimu Shadli, aliyesimamia mjadala, hakumkemea. Alimpa leso. "Sasa futa uso, halafu utuambie. Kama Hispania imepona, bado unautaka mkataba?"

Rihab alifikiri. "Ndiyo, Mwalimu," alisema polepole. "Sisi tunachuma kwa mikono, hatuumizi matawi. Zeituni zetu hufika kinuni kukamuliwa siku hiyohiyo. Mafuta yetu ni mazuri hata Hispania ikizaa. Nilipaswa kusema hivyo."

"Ghassen?" mwalimu aliuliza.

"Hapo kidogo amenibana," Ghassen alikubali. "Lakini Ulaya ikinunua mafuta ya mapipa tu, na chupa zetu zenye jina letu ikizikataa, mimi bado napinga."

"Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza afisa," mkulima mmoja alisema kutoka nyuma, na wengine wakaitikia.

Mwalimu Shadli akawatazama wanafunzi wote. "Watoto wangu, ukitetea jambo kwa sababu mwenzako ameanguka, utaanza kuomba asiinuke. Na akiinuka, utalazimika kuficha habari zake njema. Tetea kilicho chema kwako mwenyewe, nawe hutakuwa na haja ya uongo."

Bibi Mabruka alirudi hadi mbele. Akamshika Rihab kidevu, akamwinua uso.

"Kwa hiyo Mundhir amepata kazi?"

"Amepata, Bibi."

"Na habari kama hiyo ulininyima tangu jana!" Bibi alimkumbatia kwa nguvu. "Twende, mchuuzi asije akaondoka. Njiani unisimulie yote aliyosema, neno kwa neno."