Nilimsamehe Mezani kwa Remik

"Nina dhambi, Ilwa. Nataka niiseme kabla hatujavuka mto."

Gerard alikuwa amepiga goti mbele ya kiti changu, juu ya zulia la Remik lililojaa makombo ya miaka tisa. Sauti aliyotumia ilikuwa ya Kapteni Orso, ile nzito anayoitoa kifuani.

"Sema, Kapteni," nikamjibu.

"Kuna mwanamke mjini Harn. Nimekwenda kwake mara tatu. Hajui kama wewe upo."

Jagna akaacha kutafuna. Remik alikuwa ameshika dadu tayari kuzirusha, akazirudisha mezani taratibu.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani tulikuwa wendawazimu. Kila Jumapili saa nane mchana, tukishamaliza supu ya kuku kwa mama zetu, sisi wanne tulikutana hapa Bytom, mji wetu wa migodi ya makaa, kwenye fleti ya Remik, ghorofa ya nne, tukacheza mchezo wa kuigiza wa mezani. Kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi. Remik ndiye Msimulizi, anatusimulia safari ya nchi ya kubuni, na dadu zinaamua nani anapona na nani anakufa. Mimi nilikuwa Ilwa, mganga wa jeshi. Gerard alikuwa Kapteni Orso. Jagna alikuwa Pim, mwizi wa farasi, na alimfaa sana.

Sheria yetu ni moja tu. Unachosema mezani kimesemwa na mtu wako wa karatasi. Ukitaka kusema kama wewe mwenyewe, unaweka kiganja juu ya kichwa. Hata ukitaka kwenda chooni, kiganja kichwani kwanza. Jagna alipigiwa simu ya msiba wa baba yake katikati ya vita, akaweka kiganja kichwani ndipo akalia. Hivyo ndivyo tulivyoiheshimu.

Siku ile mikono yote miwili ya Gerard ilikuwa gotini.

Basi nikajibu kama Ilwa. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Miezi mingi Gerard alikuwa akicheza kivivu, anachungulia saa. Nilipoyaona machozi machoni mwake nikasema moyoni, leo mchumba wangu kaamka.

"Inuka, Kapteni," nikamwambia, nikamshika mashavu. "Vita ni virefu na wewe si jiwe. Nimekusamehe. Usirudi tena Harn."

"Umenisamehe kweli?"

"Ilwa hasemi jambo mara mbili."

Akaniangukia mapajani akalia. Jagna akapiga makofi. Remik peke yake hakupiga. Alikwenda jikoni kuchemsha maji ya chai.

Tulipokuwa tunakula keki ya tufaha aliyooka mama yake Remik, maneno yakageukia yale yale ya siku zote.

"Gerard, umenitoa machozi, bwana," Jagna akasema. "Hivi ofisini kwako wanajua kuwa wamekaa na mwigizaji?"

"Ofisini wanajua Jumapili naimba kwaya."

"Kwaya! Wewe? Na hiyo sauti ya mlango usiotiwa mafuta?"

"Sasa niwaambie nini? Nina miaka thelathini na nne halafu Jumapili najifanya kapteni?"

"Waambie hivyo hivyo," Remik akasema. "Mimi kule depo ya tramu wote wanajua. Wananiita Mchawi. Tramu ikizima wananiambia niisomee."

"Mimi nilimwambia muuguzi mkuu kwamba nashona mavazi ya mashujaa," Jagna akadakia. "Akanitazama weee, akaniuliza, binti, umeshapata mchumba? Nikamwambia wanaume wa kawaida wananipa usingizi, mama."

Tukacheka.

"Na wewe Ludka, kule duka la dawa?" Remik akaniuliza.

"Mimi tangazo la tamasha la mashabiki wa michezo hii nimelibandika kwenye kioo, kati ya dawa ya kikohozi na dawa ya minyoo. Mtu akiuliza, namwambia huko ndiko nilikompata mchumba, kwenye foleni ya maji moto ya tambi, na usiku tukalala sakafuni kwenye darasa la shule, watu thelathini."

"Mtu hawezi kuwa na maisha mawili?" Gerard akauliza. Hakuwa anacheka.

"Anaweza," Remik akamjibu bila kumtazama. "Ila akibadilisha aweke mkono kichwani."

Jioni nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wake: "Asante kwa leo. Sikustahili."

Nikamjibu: "Kapteni wangu, umecheza kuliko siku zote. Ilwa anakupenda."

Hakuandika tena. Nikalala usingizi mtamu. Ndoa yetu ilikuwa ifungwe Juni, tumeshaandikisha manispaa, na Jagna alikuwa ananishonea gauni la kijani kwa mtindo wa joho la Ilwa. Mama yangu alisema atajificha kwa aibu. Mimi nilihesabu wiki.

* * *

Jumapili ya tatu baada ya hapo, Februari, moshi wa makaa ulikuwa umejaa nje hata usiione nyumba ya pili. Kwenye mchezo tulikuwa ndani ya msitu wenye mvua. Remik anapenda sauti za mvua na upepo, na siku hiyo simu yake ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo Gerard akaunganisha yake na spika kubwa ya Remik, akaiacha mezani.

Gerard akaweka kiganja kichwani.

"Chooni," akasema, akatoka.

Mara mvua ikakatika. Simu ikaanza kuita kupitia ile spika, chumba kizima kikatetemeka. Kwenye kioo paliandikwa Oliwia Ofisini.

"Ikate, watatuharibia msitu," Jagna akasema.

Remik ana vidole vinene. Akabonyeza pale asipotaka kubonyeza, simu ikapokelewa.

"Mpenzi?" Sauti ya mwanamke ikajaa chumbani, laini, yenye furaha. "Umeshatoka kwaya? Bata yuko kwenye oveni, njoo basi kabla hajakauka. Na ulisahau sweta yako jana, nimeifua. Gerard? Unanisikia?"

Remik alibaki na kidole juu ya kioo.

"Mtandao huu nao," yule mwanamke akasema. "Haya, nakusubiri. Nakupenda."

Akakata. Mvua ikarudi kunyesha kwenye spika.

Gerard akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye suruali. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nani kafa?" akauliza, anacheka.

"Oliwia anasema bata atakauka," nikamwambia.

Kicheko kikamwishia usoni. Nikasimama. Nikashika meza.

"Jana ulisema uko kwa dada yako unabandika vigae bafuni."

"Ludka..."

"Nani huyo Oliwia?"

"Lakini hili tumeshalimaliza," akasema, na niliona kabisa kwamba haigizi, alishangaa kwa dhati. "Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Hapa hapa! Nilipiga goti hapa hapa mbele ya hawa. Nikasema kuna mwanamke, nimekwenda mara tatu, hajui kama upo. Ukanisamehe. Ukanishika uso. Nikakuuliza, kweli? Ukasema husemi mara mbili."

Nikaiachia meza.

"Yule alikuwa Orso," nikasema.

"Mimi ningeweza kusemaje vingine? Nilijaribu nyumbani, Ludka. Kila nikifungua mdomo nashindwa. Kwa sauti ya Orso ndiyo nikaweza. Nikajua utaelewa. Wewe kuliko wote!"

"Mikono yako ilikuwa gotini, Gerard."

"Nililia! Mtu analia machozi ya kweli..."

"Mikono ilikuwa gotini!"

Jagna akaanza kulia. Mimi sikulia. Ningelia ningekosa kumuuliza lililobaki.

"Haya, tufanye nilikusamehe. Ilikuwa mara tatu. Leo ni mara ngapi?"

Alitazama zulia.

"Nilikwambia usirudi Harn. Umerudi mara ngapi?"

"Kule..." Akakaa kwenye kiti kama mzee. "Kule mimi ni mtu wa kawaida, Ludka. Tunapika, tunatazama mpira na shemeji yake. Hakuna anayeniuliza nimevaa nini kwenye tamasha. Nilitaka kujua inakuwaje."

"Inakuwaje?"

"Inachosha," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini hakuna anayekucheka."

"Basi hata yeye umemdanganya," Jagna akamwambia huku anafuta pua. "Kwaya! Njia ya mwongo ni fupi, Gerard, imeishia kwenye spika."

Nikamgeukia Remik. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazipanga dadu kwa rangi.

"Remik. Siku ile hukupiga makofi."

Akaendelea kupanga dadu.

"Ulijua?"

Akaweka kiganja kichwani. Mtu mzima, kilo mia na kumi, kiganja kichwani kama anayeomboleza.

"Aliniomba nimpe nafasi ya kukiri kabla ya mto. Nikamuuliza kukiri nini, akasema nitaona. Aliposema... nilihisi, Ludka. Sikujua, nilihisi."

"Wiki tatu umehisi."

"Asiyeweka mkono kichwani haulizwi. Ndiyo sheria yetu. Mimi ndiye niliyeitunga."

"Sheria," nikasema. Nikavaa koti. Nilishuka ghorofa nne na ndala za wageni za Remik miguuni, viatu vyangu nikaviacha mlangoni, na sikurudi kuvichukua ingawa theluji ilikuwa imeingia hadi kwenye soksi.

* * *

Wiki ile simu haikupumzika kwa ujumbe wa Gerard.

"Ludka, nimemwambia Oliwia kila kitu. Kwaya, meza, wewe. Amenifukuza. Nisikilize dakika tano tu."

"Nimemwambia bosi kwamba mimi ni Kapteni Orso. Ofisi nzima wanajua. Wamecheka. Sijali."

"Ludka, Juni bado ipo?"

Ule wa mwisho niliusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kwa sababu ukweli ni kwamba nilimpenda. Nilikuwa nampenda hata wakati nahesabu vidonge vya watu na kukosea hesabu. Msidhani mtu akiumizwa mapenzi yanatoka siku ile ile.

Jagna akanipigia Alhamisi.

"Shoga, gauni limebaki mikono tu. Nifanyeje?"

"Sijui."

"Jumapili anakuja kwa Remik. Anataka kukuomba msamaha mbele yetu, vizuri safari hii. Uje au usije, mimi niko upande wako."

"Nitakuja kuchukua dadu zangu. Na viatu."

Jumapili saa nane nikabonyeza kengele ya chini. Remik akafungua bila kuuliza nani. Meza ilikuwa imepangwa: chai, vijiti vya biskuti vya chumvi, karatasi zetu nne kila moja mahali pake. Karatasi ya Ilwa ilikuwa mbele ya kiti changu, imechakaa kwa kufutwa na kuandikwa miaka tisa, na alama ya chai pembeni. Nikakaa. Nilijiambia nakaa dakika moja.

Gerard alikuwa amekonda. Hakupiga goti. Alisimama upande wa pili wa meza, akaweka kiganja juu ya kichwa.

"Mimi Gerard," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya mlango usiotiwa mafuta. "Si Orso. Nilikusaliti miezi mitano. Niliwaonea aibu ninyi watatu, na hakuna watu wengine ninaowapenda duniani. Nilikiri kama mwoga, halafu msamaha wako nikaufanya ruhusa. Sina la kujitetea. Ludka, nakuomba unisamehe."

Jagna alinitazama. Remik alinitazama. Kwenye ukuta nyuma ya Gerard kuna ufa ambao umekuwa ukipanuka tangu tuanze kucheza. Nyumba za huku zote zinashuka kidogo kidogo kwa sababu ya migodi iliyo chini. Kila mwaka Remik anaujaza, na kila mwaka unarudi pale pale. Niliutazama huo ufa nikitafuta ndani yangu kile alichokiomba. Nilitafuta kwa haki, naapa. Nilimkuta Ilwa peke yake.

"Inuka, Kapteni," nikasema, ingawa alikuwa amesimama. "Nimekusamehe."

Uso wake ukafunguka. Machozi yakamtoka, akacheka, akaanza kuizunguka meza anifuate, kiganja bado kichwani.

"Ludka! Mpenzi, umenisa..."

"Gerard," Remik akamwita taratibu. "Tazama mikono yake."

Akatazama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya meza, imetulia, kila mmoja upande wake wa karatasi.

Akasimama pale alipofika. Kiganja chake kikashuka kichwani kidogo kidogo, kikaning'inia.

"Weka," akaninong'oneza. "Tafadhali. Weka kichwani useme tena."

"Ningeweza ningeweka."

Nikazikusanya dadu zangu saba, nikazitia kwenye mfuko wa kitambaa alionishonea Jagna. Nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikafunga kamba. Kisha nikarudi mezani, nikachukua karatasi ya Ilwa, nikaikunja mara moja na kumwekea Gerard mkononi.

"Huyu ndiye aliyekusamehe," nikamwambia. "Baki naye."